Kinyaa cha Mama Ndinda

Kathini hakuwa mtu wa kinyaa. Kwao Matinyani, mbuzi akichinjwa, yeye ndiye aliyepewa matumbo akayaoshe, na aliyaosha huku akiimba, mikono imezama hadi viwikoni katika majani mabichi ambayo mbuzi hakuwahi kumaliza kuyasaga. Mdogo wake, Muthoki, alikuwa akisimama mbali ameziba pua, na Kathini akimcheka. Baadaye alikuja kuwaosha watoto wa watu waliohara, akamwosha baba yake alipokuwa hajiwezi mpaka siku ya kuzikwa, na kwa hayo yote hakutema mate hata mara moja. Kwa hiyo kinyaa kilipomjia, tayari ana wajukuu, hakukitambua. Alidhani ni malaria. Akaenda kupimwa, akaambiwa hana kitu.

Kilianza na mguu wa mume wake.

Nthiwa alikuwa fundi wa pancha Mtito Andei, upande ule wa barabara ambako malori huegeshwa yakisubiri madereva wale, waoge, walale. Kazi aliijua. Alikuwa mtu mnene wa kicheko kikubwa, na madereva walimpenda. Ukimaliza kumlipa unamwongezea soda, naye anaimaliza kabla hujawasha gari. Chai yake nyumbani ilikuwa nzito kwa sukari kama uji. Siku aliyopimwa akakutwa na ugonjwa wa sukari, alirudi akamweleza mkewe kama mtu anayeleta habari za jirani.

"Wamesema ni sukari. Wamesema niache soda."

"Na utaacha?"

"Nitapunguza."

Hakupunguza. Kisha, siku moja akiwa kazini na ndala zake, waya uliochomoza kwenye tairi kuukuu ukamwingia chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, na hakuhisi chochote. Alitembea nao mchana kutwa. Kathini ndiye aliyeona damu sakafuni jioni, akafikiri ni ya kuku.

Kidonda kikakataa kupona. Kikawa kinafunga juu na kuoza chini. Nesi wa kliniki alimwonyesha Kathini namna ya kukiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kukausha na kufunga bandeji safi kila asubuhi, na kila alipokuwa akieleza alimtazama Kathini tu, hakumtazama mwenye mguu. Hata Nthiwa hakuona ajabu. Mguu ulikuwa wake, lakini kuanzia siku hiyo ukawa kazi ya mkewe.

Mwanzoni Kathini aliosha kama alivyowahi kuosha mengine. Halafu harufu ikabadilika. Ilikuwa harufu ya panya aliyefia nyuma ya kabati, ila ndani yake mlikuwa na utamu fulani, na ule utamu ndio uliomshinda. Bandeji ilitoka na kamasi ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Nyama ya pembeni ilikuwa imevimba, nyeupe, laini, na alipofika kibandani kwake, mahali alipouza muthokoi kwa madereva, akafunua sufuria akaona mahindi yaliyokobolewa yamefura katika mvuke, meupe, laini, akalazimika kufunika haraka. Wateja walikula. Yeye aliacha kula chakula alichopika kwa mkono wake. Akawa anakunywa maji ya ndimu, na nguo zikaanza kumpwaya.

Lakini kilichomchafua moyo zaidi ya usaha kilikuwa ni yule mtu mwenyewe. Wakati wa kuoshwa, Nthiwa alilala chali na mguu wake juu ya stuli, simu mkononi, anatazama video za watu wakianguka, anacheka. Hakuwahi kuutazama mguu. Mkewe akifika pale penye shimo alisema tu, "Polepole, Mama Ndinda," kisha anaendelea kucheka. Akimaliza, anauliza chai iko wapi.

Siku moja Kathini aliona sisimizi wakipita kwa mstari chini ya kitanda. Akainama. Wale wadudu walikuwa wakienda kwa chupa za soda, zimelazwa pale nyuma ya sanduku, nyingine zikiwa na kitone bado. Na mstari mwingine ulikuwa unapanda mguu wa kitanda, unaelekea kwenye bandeji. Alisimama akatazama mistari ile miwili. Sisimizi hawakuwa wametofautisha chupa na mguu. Kwao yote ilikuwa sukari.

"Baba Ndinda, hii ni nini?"

Nthiwa alitazama chupa aliyoshikiwa mbele ya uso. Hakuona haya.

"Wewe unahesabu tu nilichokunywa. Huulizi nilichokataa. Asubuhi nilikataa mandazi. Saa nne jirani yetu Mutiso akaniletea chai tamu, nikakataa. Mtu ana chaji yake, Mama Ndinda. Nilisikia kwenye redio mtu msomi akisema. Nguvu ya kujizuia ni kama chaji ya simu, unaamka nayo imejaa, kila ukikataa kitu inapungua. Mimi ikifika saa nane niko kwa nyekundu. Sasa hapo nitafanya nini?"

"Na mimi? Chaji yangu iko wapi?"

"Wewe Mungu alikuumba tofauti," akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa wa dhati. "Wewe huishiwi."

Kathini akatupa zile chupa. Alipokuwa akinawa mikono, alinawa mpaka ngozi ikamwasha.

Hayo ya kwamba yeye haishiwi nguvu hakuyasikia kwa Nthiwa peke yake. Kanisani ndiyo yalikuwa mazungumzo. Mwenyekiti wa ushirika wa akina mama alikuwa Wangechi, mwanamke wa kutoka Nyeri aliyefungua duka la vifaa vya ujenzi hapo Mtito na kustawi. Hakuwa mtu mbaya. Alianza na toroli moja, akainuka, na kwa sababu yeye aliinuka kwa kujikaza, aliamini hakuna lisiloinuliwa kwa kujikaza. Kila Jumapili akisimama kutoa neno alirudi hapo hapo. Nia haina mwisho. Ukiitumia inazaa. Anayesema amechoka ni yule aliyeamua kuchoka. Kisha ananyoosha mkono kumwelekea Kathini aliyekaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali penye hewa.

"Mtazameni Mama Ndinda! Huyu mama ni kisima kisichokauka."

Akina mama walipiga makofi. Kathini alitazama chini. Yeye alikulia kwenye visima vya mchangani, vile vinavyochimbwa katikati ya mto mkavu. Alijua unavyoteka, unavyongoja maji yajae tena kwa utaratibu wake, na kwamba ukiwa na haraka unateka matope. Kisima kisichokauka hakuwahi kukiona Ukambani, na hakujua Wangechi alikiona wapi. Aligundua kwamba baada ya makofi yale kila mtu alikwenda kwake ametulia. Hakuna aliyewahi kuuliza kama anataka kupumzishwa hata asubuhi moja. Utampumzisha vipi mtu asiyechoka? Sifa zile zikaanza kumnukia. Kila alipozisikia mate yalimjaa mdomoni, kama mtu anayekaribia kutapika.

Jumamosi moja ushirika ukamtembelea nyumbani kumwombea Nthiwa. Walikuja wengi na unga, sukari (hata sukari walileta), na sabuni. Walichelewa kidogo wakamkuta Kathini ndiyo kwanza ameanza kufungua bandeji, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa ameahirisha, akaahirisha tena, akafagia uwanja mara mbili ili tu asianze. Alitaka kufunika. Wangechi akamzuia.

"Endelea, dada. Sisi si wageni. Endelea na kazi yako ya upendo, sisi tutaimba."

Wakaimba. Waliimba wimbo wa shukrani wakiwa wamejibana karibu na mlango, leso zimesogea puani kana kwamba wanajifuta jasho. Nthiwa aliweka simu chini kwa heshima, akafumba macho. Kathini akavuta bandeji ya mwisho. Ilikuwa imeshika. Ilipoachia, ilitoka na kipande, na ndani ya lile shimo akaona kitu kikisogea, kidogo, cheupe, kisha kingine. Nzi alikuwa amepata nafasi yake.

"Mungu ametupa kielelezo," Wangechi alikuwa anasema juu ya wimbo, "moyo usioisha, nia isiyo—"

Kathini akatapika. Alitapika kwenye beseni lile la maji ya chumvi, halafu nje ya beseni, kwenye sakafu, kwenye kiatu cha Wangechi. Wimbo ukakatika. Alipoinua uso kamasi zilikuwa zinamtoka, na alisema kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua.

"Nimechukia. Nimechukia huu mguu. Nimemchukia mwenye mguu. Na nyinyi nimewachukia, na nyimbo zenu."

"Mama Ndinda!" Nthiwa alisema.

"Kesho nani ataosha?" Kathini akawageukia wale wanawake. "Si nia haiishi? Nani kati yenu? Semeni nimwachie beseni."

Mmoja alikuwa ameshatoka nje. Wangechi alimshika bega kwa mkono alionyoosha kutoka mbali.

"Dada, ni jaribu tu. Nguvu utapewa."

Kathini aliondoa ule mkono begani mwake. Alienda akamwita nesi kwa simu, akamweleza alichokiona, nesi akasema apelekwe kliniki leo leo. Wangechi alikuwa na gari, hivyo akampeleka; hilo lazima lisemwe. Huko wakasafisha, wakatoa kilichokuwa kimekufa, na kidole gumba kikaondoka nacho. Walipomrudisha Nthiwa nyumbani, Kathini alikuwa amefunga mkoba. Alimpangia juu ya meza chumvi, bandeji, sufuria ya kuchemshia, na kioo kidogo cha kunyolea ili aweze kuona chini ya wayo.

"Ninaenda kwa Muthoki," akasema. "Ukitaka kuoza, oza. Ukitaka kuosha, vitu viko hapo."

"Utarudi lini?"

"Sijui."

Muthoki aliishi kwenye shamba la wazazi wao huko Matinyani. Alimpokea dada yake bila maswali, akamwonyesha kitanda. Kathini alilala mchana, akaamka akala ugali na mboga, akalala tena. Ndinda, binti yao anayefundisha Kitui mjini, alipiga simu akilia kwamba baba yuko peke yake. Muthoki ndiye aliyeipokea.

"Mama yako amelala," akasema. "Kama una huruma, Mtito si mbali." Akakata.

Baadaye, wakichambua pojo kwenye ungo, Kathini alisema alichokuwa anaogopa kukisema.

"Mimi nilifikiri niko na moyo. Kumbe sina."

"Ulikuwa nao ukautumia wote," Muthoki akajibu. "Mimi sikuwahi kuosha hata utumbo wa mbuzi, na hakuna siku nimejiona mbaya. Ni wewe walikudanganya."

Kathini alicheka. Hakuwa amecheka kitambo. Na kile alichokiogopa, yaani kuamini kwamba mtu anaweza kuisha, kilipoingia ndani yake hakikumwangusha kama walivyohubiri. Kilimpa usingizi.

Mtito Andei, Nthiwa alingoja. Aliamini mkewe atarudi kesho, halafu kesho yake. Wangechi alifika asubuhi ya kwanza kujitolea, na kwa hilo pia asidharauliwe, lakini alipofika kwenye bandeji ya mwisho alikimbia nje, na kuanzia hapo akawa anatuma pamba na dawa kwa mtu wa boda. Basi Nthiwa akabaki na kioo cha kunyolea. Alichemsha maji. Akafungua. Na kwa mara ya kwanza tangu waya ule umwingie, alitazama.

Aliyasimulia hayo mwenyewe, mkewe aliporudi mwishoni mwa mwezi uliofuata. Alimkuta ameketi kwenye stuli, mwembamba kidogo, mguu umefungwa vizuri kuliko hata alivyokuwa akiufunga yeye.

"Nilitapika kama wewe," Nthiwa akasema. "Sikujua, Mama Ndinda. Naapa sikujua kunanuka hivyo. Nikasema siwezi. Nikakaa. Nzi wakaanza kuja, nikaona hapana, nikaosha. Kesho yake pia. Halafu jioni nikachukua soda, ilikuwa baridi, nikaifungua. Ile harufu tamu ikapanda, nikasikia mguu. Ndani ya chupa nikasikia mguu! Nikaimwaga huko nje. Sijainywa tena. Hata chai nakunywa chungu."

"Na chaji?"

Nthiwa akakuna kichwa. "Ya chaji sijui. Jioni zinafika nakuta bado niko sawa."

Kathini alimwamini. Nyumba haikuwa na sisimizi. Siku hiyo alimtazama mume wake bila mate kumjaa mdomoni, akampikia, wakala pamoja, yeye akala nusu sahani.

Ingeishia hapo, ingekuwa habari njema. Lakini Nthiwa alianza kunenepa kwa namna nyingine. Kidonda kilivyojifunga, naye alifunguka. Alirudi kwenye tairi zake amevaa buti, anapiga mluzi, analala vizuri, anawapigia simu watu wa ukoo ambao hakuwa amezungumza nao kwa muda mrefu. Hata sura yake ilipata nuru. Jumapili moja akaomba nafasi ya ushuhuda. Alisimama mbele amevaa koti, akasema alikuwa mtumwa wa soda kwa sababu alidanganywa na redio kwamba nguvu za mtu huisha. Sasa amejua haziishi. Ukikataa mara moja unapata nguvu ya kukataa mara ya pili. "Ni kuamua tu, ndugu zangu! Mimi niliamua!"

Kanisa likapiga makofi. Wangechi alilia kwa furaha.

Kathini, kwenye benchi lake karibu na mlango, alisikiliza ushuhuda wote akingoja aseme kutapika. Hakusema. Hakusema funza, wala kioo, wala beseni, wala nani aliosha kabla hajaamua. Kilichomwokoa hakikuwa kuamua. Kilikuwa kinyaa, kile kile kilichomtoa mkewe nyumbani, na sasa amekiosha, amekivalisha koti, amekiita nia. Ile hali ya mdomo ikamrudia. Alitoka nje akasimama kwenye kivuli cha tangi la maji mpaka watu wakamaliza kumpongeza.

Wakati wa kurudi nyumbani, Nthiwa aliuliza, "Umeuonaje ushuhuda?"

"Ulikuwa wa uongo."

"Uongo gani? Si nimepona?"

"Umepona. Nimefurahi umepona. Lakini ulikuwa wa uongo."

Alinuna siku nzima. Nesi wa kliniki, aliposikia, yeye alifurahi sana, akamwalika Nthiwa awe anazungumza na wagonjwa wenzake siku ya kliniki ya sukari. Ikawa kila siku hiyo anasimama kwenye baraza, watu wamekaa kwenye mabenchi wakingoja kupimwa, anawaambia moyo hauishi. Wengine walisaidika, na huo ni ukweli. Mama mmoja wa kutoka ng'ambo ya reli alikuja kumshukuru mpaka kwenye tairi zake.

Mara ile Kathini aliyomsindikiza, mbele kabisa alikuwa amekaa mzee Mbaluka, aliyekuwa dereva wa lori, mguu mmoja umekatwa juu ya goti, wa pili umefungwa bandeji. Nthiwa alimwelekea yeye.

"Mzee, huo uliobaki ni juu yako. Ukitaka kweli, utabaki nao. Nia haiishi."

Mzee Mbaluka alianza kulia. Hakulia kwa sauti. "Nilitaka," akasema. "Hata ule mwingine nilitaka."

Nthiwa akafungua mdomo aendelee. Kathini alisimama, akamshika mkono wa koti mbele ya watu wote.

"Baba Ndinda, nyamaza. Mwambie ulivyotapika."

"Nini?"

"Mwambie mzee ulivyotapika. Mwambie ulivyolala na simu mwaka mzima nikikuosha. Kama hutamwambia, kaa chini."

Nthiwa alitazama watu, akatazama mguu wa yule mzee, ambao harufu yake ilikuwa imewafikia wote na hakuna aliyekuwa ameitaja. Akakaa chini. Nesi akaita jina la mgonjwa wa kwanza.

Tangu siku hiyo Nthiwa hajaalikwa kuzungumza, au amealikwa akakataa. Yeye husema hivi na hivi. Mguu wake bado mzima. Anaendelea kuamini anachoamini na kinamfaa: anaamka mapema, anakula mboga, anacheka na madereva. Kathini naye ameweka masharti. Kila mwezi anakwenda Matinyani kwa Muthoki, anakaa mpaka aone ametosheka, na Wangechi alipomwita kisima tena aliinuka pale pale kanisani akasema, "Usiniite hivyo, mama," akakaa. Wangechi hajamwita tena. Kwa kweli hawazungumzi sana.

Ameanza kula, ila si muthokoi. Kibandani siku hizi anapika ndengu na chapati, na madereva wamezoea. Ndinda alipokuja likizo alimkuta mama yake analala chumba cha nje, akauliza kama bado hajamsamehe baba.

"Nimemsamehe zamani," Kathini akasema, akiendelea kusukuma chapati. "Lakini akinigusa na mguu ule usiku, naamka naenda kunawa."